Damu ya mtu asiyeumwa wanaitaka ya nini?

Swali: "Habari mtaalamu. Kuna kituo cha chuo kikuu kinachofanya utafiti wa kinga ya mwili ya binadamu na magonjwa, wamenipigia simu wanataka nijitolee. Watatoa damu mililita 80, mara nne kwa mwaka, kwa miaka mitano. Mimi ni mama wa miaka 41, siumwi chochote, na wanasema hiyo ndo sababu wamenichagua. Sasa najiuliza, damu ya mtu asiyeumwa wanaitaka ya nini? Si siku zote walikuwa wanatumia panya? Mbona mara nyingi hivo? Wanaenda kuiuza? Na siku hiyo nile au nisile?"

Dada yangu, nianze na hilo la kutoumwa kwako manake maswali mengine yote yananing'inia hapo, na pia ndo kilio chetu sisi watu wa maabara. Wagonjwa tunawapata. Wako kliniki, daktari anawaelekeza, wenyewe wanataka kujua kinachowasumbua ni nini. Mtu asiyeumwa hana sababu ya kuja. Unakuta friza imejaa damu za wagonjwa wa lupasi (ugonjwa ambao kinga inashambulia mwili wenyewe) na wa baridi yabisi, wengi wao wamama wa rika lako, halafu za kulinganisha nazo ni za wanafunzi wa palepale chuoni wenye miaka 22, manake hao ndo walikuwa karibu na hawana hofu ya sindano. Kisha mtu anaandika kwa furaha kwamba wagonjwa wana seli fulani nyingi kuliko watu wa kawaida, kumbe alichokiona ni umri tu. Kinga ya mtu wa miaka 22 na ya mtu wa 41 sio kitu kimoja, tezi ya thaimasi iliyo kifuani nyuma ya mfupa, ile inayolea seli T (askari mojawapo wa kinga), inaanza kunywea mapema sana maishani na kugeuka mafuta kidogokidogo. Kwa hiyo mama wa miaka 41 ambaye haumwi na anayekubali kurudi kila miezi mitatu, kwetu wewe ni dhahabu, usishangae wamepiga simu wenyewe.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui. Watu wananiuliza "nikapime kinga yangu ikoje", na jibu ni kwamba hamna kipimo hicho. Kipimo cha kawaida cha damu kinahesabu chembe nyeupe ziko ngapi na za aina gani kwa ujumla, na kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi ile hesabu ya CD4, yani aina ya seli T ambazo virusi hivo vinazila, inasaidia sana, ila zaidi ya hapo hamna namba moja daktari anaweza kuisoma akakuambia mama wewe kinga yako iko sawa au imelala. Sukari ina namba zake, presha ina namba zake. Kinga haina rula. Na rula haitengenezwi kwa wagonjwa, inatengenezwa kwa watu kama wewe, wengi, wa umri tofauti, wa kike na wa kiume.

Nikupe mfano mmoja ambao naupenda sana. Mwaka 2020 korona ikiwa imepamba moto, timu kubwa ya kimataifa ya Jean-Laurent Casanova wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York ilichukua damu za watu 987 ambao korona iliwalaza hoi na mapafu. Kati yao 101 walikutwa na antibodi (protini za kinga za kunasa adui) za ajabu, badala ya kupiga virusi zilikuwa zinapiga intaferoni za mwili wao wenyewe, na intaferoni ndo king'ora seli inachopiga virusi vikiingia. Yani mwili umejikatia waya wa king'ora na mwizi bado hajafika. Katika hao 101, wanaume walikuwa 95. Sasa jiulize, hiyo 101 ina maana gani peke yake? Haina. Huenda kila mtu mtaani ana antibodi hizo na hazimdhuru. Kilichoipa maana ni watu wengine waliopimwa pembeni, 663 walioambukizwa wakapata dalili ndogo au hawakupata kabisa, kati yao hakukutwa hata mmoja, na wasioumwa 1,227, kati yao wakakutwa wanne tu. Ugunduzi wote umesimama juu ya hao 1,227 ambao hakuna aliyewaandika magazetini.

Sasa panya. Swali lako ni la haki kabisa na hata sisi kwa sisi tunagombana juu yake. Mengi ya msingi tunayoyajua kuhusu kinga yametoka kwa panya wa maabara, wale wadogo, ambao watu wanadhani ni weupe ila wengi tunaofanya nao kazi ni weusi tii. Raha ya panya ni kwamba unaweza kuwa nao mia wanaofanana kama pacha mmoja, ukatoa jini moja (kipande cha vinasaba) uone kinaharibika nini, ukachukua bandama lake, uboho, mapafu, kila kitu. Tatizo ni kwamba panya sio mtu mdogo mwenye mkia. Kwenye damu yako wewe neutrofili ndo nyingi, kama nusu hadi asilimia 70 ya chembe nyeupe, kwa panya limfosaiti ndo zimejaa, robo tatu na zaidi. Na maisha wanayoishi ni ya kifalme mno, hewa imechujwa, chakula kimechemshwa, hawajawahi kuumwa hata mafua. Mwaka 2016 kikundi cha Chuo Kikuu cha Minnesota kililinganisha wakakuta kinga ya panya hawa wa maabara inafanana zaidi na ya kitoto kichanga cha binadamu, ila ukiwaweka chumba kimoja na panya walionunuliwa dukani, wachafu, wenye vijidudu vyao, kinga yao inasogea kuelekea ya mtu mzima. Wengine walikufa kwenye huo mchanganyo, ndo uone walikuwa wamedekezwa kiasi gani.

Na kuna siku moja ambayo kila mtu wa fani hii anaikumbuka, tarehe 13 Machi 2006, London, hospitali ya Northwick Park. Vijana wanane wasioumwa, wa kujitolea kama wewe ila wao walikuwa wanajaribiwa dawa mpya, ikiitwa TGN1412. Wawili walipewa maji tu ya kulinganishia, sita wakapewa dawa yenyewe. Dawa hiyo ni antibodi inayobonyeza kitufe kwenye seli T kinachoitwa CD28, na ilishajaribiwa kwa wanyama mpaka kwa kima bila shida, wale vijana walipewa dozi ndogo mara 500 kuliko ile ambayo kima waliimudu. Ndani ya saa moja na nusu hivi wote sita walianza kuumwa kichwa, mgongo, homa, presha ikaporomoka, viungo vikaanza kufeli kimoja baada ya kingine. Saitokini, yani zile protini seli za kinga zinazotumiana kama meseji, zilikuwa zimefumuka zote kwa mkupuo. Walipona wote, wakiwa wamepitia mateso, mmoja akapoteza vidole. Baadaye ndo ikaja kueleweka, seli T za kumbukumbu za binadamu zina kile kitufe cha CD28, za aina hiyohiyo kwa kima hazina. Kitufe hakipo, ungebonyeza nini? Baada ya hapo sheria za majaribio zilikazwa, mtu wa kwanza anapewa dawa anaangaliwa kwanza ndo afuate wa pili, sio kupishana dakika kumi kama siku ile.

Ni miaka hiyohiyo ambapo wengine walianza kusema wazi tugeukie binadamu mwenyewe. Mark Davis, mtafiti wa kinga wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 2008 kwamba tumekuwa wazuri sana wa kutibu panya, sasa tujenge vituo vya kupima kinga ya watu kwa mpangilio, damu za watu wengi zipimwe kwa njia moja, kwa mashine zilezile, mwaka hadi mwaka. Hicho kituo kilichokupigia simu, popote kilipo, ni mtoto wa wazo hilo. Ila nisikudanganye kwamba panya kafukuzwa kazi. Nobel ya tiba ya mwaka 2025 ilienda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kazi ya seli zinazozuia kinga isimle mwenye mwili, na Brunkow na Ramsdell waliipata jini yake, FOXP3, kwa kufuatilia panya wenye magamba ya ngozi waliozaliwa hivo kwenye maabara ya Marekani miaka ya 1940. Walipoipata kwa panya ndo wakaitafuta kwa watoto wa kiume wenye ugonjwa adimu unaoshambulia utumbo, kongosho na ngozi, wakaikuta imeharibika palepale. Kwa hiyo ni kwenda na kurudi, unatoka kwa panya unaenda kwa mtu, unakwama unarudi.

Mara nne kwa mwaka kwa miaka mitano, mbona hivo. Hapa kuna kitu kitamu. Watu wanatofautiana kinga vibaya mno, ukichukua mimi na wewe, wote hatuumwi, hesabu ya aina fulani ya seli inaweza kupishana mara kadhaa, wakati mtu mmoja ukimpima wiki hii na mwezi ujao anakaa karibu palepale kama hajaumwa. Kila mtu ana sahihi yake. Kwa hiyo rula nzuri kuliko zote ya kukupima wewe ni wewe mwenyewe wa jana, ndo maana wanataka urudi. Na mtu angedhani sahihi hiyo ni ya kuzaliwa nayo, sivyo. Stanford mwaka 2015 walitoa utafiti wa pacha 210, wa kufanana na wasiofanana, vipimo 204 vya kinga, wakakuta katika asilimia 77 ya vipimo hivo mchango wa maisha uliyopitia unazidi wa urithi. Kirusi kimoja peke yake, saitomegalovirusi, ambacho watu wengi duniani wanacho na wala hawajui manake kinalala kimya mwilini, kiligusa zaidi ya nusu ya vipimo vyote. Pacha wa kufanana, mmoja anacho mwenzake hana, kinga zao zinaachana. Na kadiri wanavyozeeka ndo wanazidi kuachana.

Ndo maana fomu ya maswali utakayopewa ni ndefu mpaka inachosha. Watakuuliza uzito, usingizi, chanjo, dawa, ujauzito, ulishawahi kuvuta sigara hata kama uliacha. Hilo la sigara usilione ni umbea. Wafaransa wa taasisi ya Pasteur wana mradi wa watu 1,000 wasioumwa, nusu wanawake nusu wanaume, wa miaka 20 hadi 69, na mwaka 2024 walitoa matokeo kwamba sigara inabadilisha jinsi kinga inavyojibu, sehemu moja ya mabadiliko inaisha mtu akiacha, ila upande wa seli zenye kumbukumbu alama inabaki miaka mingi. Kwa hiyo jibu ukweli. Hasa hasa sema ukweli kama ulikuwa na mafua wiki hiyo au kama umetumia dawa za steroidi, hata za kuvuta kwa ajili ya pumu au za mzio, manake zinahamisha chembe nyeupe na sisi huku tutakaa siku tatu tunashangaa damu yako imekuwaje. Na watakuomba uje saa ileile kila mara, asubuhi iwe asubuhi, sio ukiritimba, seli za kinga zinaingia na kutoka kwenye damu kwa saa kutokana na homoni ya kotisoli, mtu wa saa mbili asubuhi na mtu huyohuyo wa saa mbili usiku namba zake hazifanani.

Nikueleze damu yako inaenda wapi ikishatoka mkononi, manake naona hiyo ndo inawapa watu mawazo. Mililita 80 ni kama tyubu nane za mililita kumi, mwili una lita tano hivi kwa hiyo ni chini ya asilimia 2, ukilinganisha na mtu anayechangia damu benki ya damu anatoa kama 450 kwa mkupuo. Nyingi ya tyubu hizo zina heparini, dawa ya kuzuia kuganda, zile za mfuniko wa kijani, na nesi atazipindua polepole, hatazitikisa. Haziwekwi kwenye friji, watu wanashangaa hapo, damu ya kutoa seli hai inakaa joto la chumba na inatakiwa ifike kwetu ndani ya saa chache tu. Ikichelewa neutrofili zinaanza kujichanganya mahali zisipotakiwa na kazi yote inachafuka.

Maabara tunaimwaga taratibu sana juu ya maji mazito yanayoitwa fikoli, njia hiyo ni ya Mnorwe Arne Bøyum ya mwaka 1968 na mpaka leo hatujapata ya kuishinda kwa urahisi. Ikizungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu zinazama chini pamoja na neutrofili, plazma ya njano inabaki juu, na katikati unabaki wingu jeupe jembamba, hilo ndo tunalolitafuta, limfosaiti na monosaiti. Mashine inatakiwa isimame yenyewe bila breki. Mimi wiki yangu ya pili kazini nilisahau kuzima breki, nikafungua nikakuta wingu limevurugika lote limekuwa maji ya pinki, na damu yenyewe ilikuwa ya mtu aliyesafiri asubuhi ile kuja kuitoa. Sijasahau mpaka leo. Kila mililita inatoa seli milioni moja hadi mbili, kwa hiyo wewe utatuachia kama milioni 80 hadi 160, tunazigawa kwenye vichupa, tunaongeza kemikali ya DMSO ili barafu isizipasue, zinashushwa joto digrii moja kwa dakika, halafu zinaingia kwenye nitrojeni ya maji, tangi lina nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko zinaweza kukaa miaka na ukiziyeyusha nyingi zinaamka zikiwa hai. Neutrofili haziwezi safari hiyo, zikigandishwa zinakufa, kwa hiyo anayezitaka lazima azipime siku hiyohiyo, ndo maana ukipita maabara zetu saa moja usiku utakuta kuna mtu bado amekaa na hajala.

Seli zilizobaki zinapakwa antibodi zenye rangi zinazong'aa, zinapitishwa moja moja mbele ya leza, mashine inasoma kila seli ina nini usoni. Hiyo inaitwa flo saitometri, ilikomaa pale Stanford kwa Leonard Herzenberg kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Siku hizi kuna inayotumia madini adimu badala ya rangi, inasoma alama 40 na zaidi kwa seli moja. Nyingine zinachokozwa, unazipa kipande cha virusi au cha chanjo uone zitapiga kelele au zitanyamaza, na hapo ndo utamu ulipo, manake seli kuwepo ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine kabisa. Polisi wengi kituoni sio lazima kuwe na usalama.

Kuna udhaifu ambao kituo kinaweza kisikuambie, mimi nakuambia. Damu ina kama asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, utumbo, bandama, uboho, mapafu. Kusoma kinga kwa damu ni kama kusoma mji kwa kukaa barabarani ukiangalia wanaopita. Ndo maana wenzetu wengine, mfano Donna Farber wa Columbia, wanatumia viungo vya marehemu ambao familia zimeridhia, na Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis mwaka 2021 walichoma sindano nyembamba kwenye tezi za kwapani za watu waliochanjwa chanjo ya korona ya mRNA, wakaona viwanda vya kunoa seli B, zile zinazotengeneza antibodi, bado vinafanya kazi wiki 12 baada ya dozi ya pili, kitu ambacho kwenye damu huwezi kukiona vizuri. Kama siku moja watakuomba na hiyo sindano ya tezi, ujue ni ombi jingine, lina fomu yake, na una haki ya kuikataa hiyo ukaendelea na damu peke yake.

Unaweza kuuliza haya yote yamemsaidia nani. Chukua mwaka 2012, Philadelphia, mtoto wa kike mwenye kansa ya damu iliyogoma dawa zote. Alitibiwa kwa seli T zake mwenyewe zilizobadilishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, timu ya Carl June, zikaanza kuua kansa ila mwili ukawaka, homa kali, mashine ya kupumulia, walidhani anakufa. Wakapima saitokini kwenye damu wakakuta moja, IL-6, imepaa kupita kiasi, na kulikuwa tayari na dawa ya kuizuia, dawa ya baridi yabisi, tosilizumabu. Wakampa. Ndani ya saa chache hali ikatulia. Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba yenyewe na ikaidhinisha na hiyo dawa ya kuzima moto. Kilichomwokoa mtoto yule ni mtu kupima kitu sahihi siku sahihi na kujua cha kawaida ni kiasi gani.

Au chukua damu iliyolala tu. Mwaka 2022 watu wa Harvard walitoa kazi juu ya multipo sklerosisi, ule ugonjwa ambao kinga inatafuna utando wa neva. Kwa miaka mingi watu walihisi virusi vya Epstein-Barr vinahusika, ila utathibitishaje wakati karibu kila mtu mzima anavyo? Unahitaji damu ya mtu kabla hajaambukizwa na kabla hajaumwa, na mgonjwa ukimkuta kliniki umeshachelewa. Jeshi la Marekani walikuwa wameweka seramu (maji ya damu bila seli) za askari kwenye friza miaka na miaka kwa shughuli zao nyingine, zaidi ya watu milioni 10 waliingia kwenye hesabu. Wakarudi nyuma kwenye zile damu wakakuta ukishaambukizwa virusi hivo uwezekano wa kupata ugonjwa unapanda mara 32. Wale askari siku wanatolewa damu hawakuwa na habari na neva wala nini. Miaka yako mitano ni hesabu ya namna hiyo, huenda mmoja kati yenu mia tatu au elfu akaumwa kitu mwaka wa nne, na tutakuwa na damu yake ya mwaka wa kwanza. Sikuombei iwe wewe.

Kuuzwa sasa. Nisikuzungushe, damu yenyewe kituo cha chuo hakiendi kuipanga sokoni, ila seli zako na data zako zinaweza kupelekwa kwa watafiti wengine, pengine nchi nyingine, pengine kampuni ya dawa inayoshirikiana na chuo, na kikipatikana kitu cha kuleta hela kuna uwezekano mkubwa wewe hupati kitu. Historia hapa sio nzuri. Seli za Henrietta Lacks, mama mgonjwa wa kansa, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa na zikazunguka dunia nzima. John Moore, mgonjwa wa kansa ya damu, alitolewa bandama California mwaka 1976, daktari wake akatengeneza seli zenye hatimiliki kutoka humo, akaenda mahakamani, na mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema zile seli sio mali yake tena, ila daktari alikosa kwa kutomwambia mapema kwamba ana maslahi ya hela. Hukumu hiyo wengi wanaiona ya ajabu na mimi ni mmoja wao, ila ni mojawapo ya kesi zilizochangia hizi fomu ndefu za ridhaa.

Kwa hiyo isome hiyo fomu, usisaini mlangoni. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta kama watasoma vinasaba vyangu vyote au seli tu, manake vinasaba ni habari za watoto wako na ndugu zako pia. Jina likitolewa likawekwa namba, uliza ufunguo wa namba uko kwa nani, manake "tumeficha jina" na "hatujui ni nani" ni vitu viwili tofauti. Uliza wakikuta kitu kibaya kwa bahati watakuambia au watanyamaza, vituo vinatofautiana sana hapo na ni bora ujue kabla. Na uliza ukijitoa inakuwaje, kujitoa ni haki yako siku yoyote bila kueleza sababu na vichupa vilivyobaki wanaweza kuviharibu, ila matokeo ambayo yameshaingia kwenye hesabu hayatoki tena. Fomu iwe na jina la kamati ya maadili iliyopitisha utafiti na namba ya kuipigia ambayo sio ya mtafiti mwenyewe. Kama haina, usiende. Na ukiona mtu anakuambia utapata "ripoti ya kinga yako" au kwamba watakutibu, hapo pia shtuka, nimeshakuambia juu hamna namba hiyo. Utakachopata ni hesabu ya kawaida ya damu kama wana ustaarabu, na nauli.

La mwisho, kula kabla. Kula, isipokuwa wamekuambia kwa maandishi uje hujala, baadhi wanapima na mafuta ya damu kwa mkupuo mmoja. Kunywa maji mengi jioni na asubuhi yake, mshipa unajaa na nesi hatakuchoma mara tatu. Usifanye mazoezi mazito asubuhi hiyo, yanafukuza chembe nyeupe kutoka kwenye kuta za mishipa zinamwagika kwenye damu na hesabu inaruka juu kwa muda. Toa mkono usiofanyia kazi. Na kama ni mtu wa kuzimia ukiona damu sema mapema ulazwe, hata baadhi yetu maabara tukichomwa wenyewe tunaangalia ukutani.